Tundu la Risasi Tano

Tik. Birika la umeme lilijizima gizani alfajiri, na Annick, mwanangu wa miaka mitano, akaketi kitandani.

Jana, kwenye ukumbi wa shabaha ninaofagia huku mtaani Umbilo, bosi alibana bunduki ya mashindano kwenye jiliwa, kibanio cha chuma cha mezani. “Sister, hilo darasa lako la jioni la ufundi wa bunduki tulione leo. Risasi tano zikipita tundu moja, unaacha ufagio, unakuwa fundi.”

Nilikaza skurubu ya kitako iliyolegea robo mzunguko, nikafyatua mara tano. Bosi aliinua karatasi ya shabaha kwenye taa. “Eish, fundi!”

Sasa nikawasha taa ya chumbani, nikampa Annick karatasi hiyo. “Tazama, mama amepiga risasi tano!”

Akajaribu kupenyeza kidole chake cha mwisho tunduni, hakikuingia. Akanipapasa shavu.

“Pole mama, umepata moja tu.”