Pilau ya Koliflawa

Kariakoo nzima hakuna anayenifikia kwa pilau. Shahidi wangu ni paka wa jirani, maana ndiye peke yake anayeomba kuongezwa.

Sikukuu hii nilitaka mjukuu wangu Ruqaya ale sinia moja na wenzake. Mchele na viungo vya paketi humvimbisha midomo, kwa hiyo kila mwaka hukaa pembeni na viazi vya kuchemsha. Mwenyewe akaona kwenye simu koliflawa ikikunwa mfano wa mchele. Basi nikaikuna, nikatwanga bizari, iliki na mdalasini kwa mkono wangu, nikakaangia vitunguu mpaka nyumba ikanukia.

Ruqaya akatia tonge. Sote tukamkodolea macho. Akatia la pili, akasogeza magoti karibu na sinia.

"Bibi, midomo haiwashi!"

Vigelegele vikapigwa. Hapo mkwe wangu Talha, muuza mchele wa jumla, akatanua kifua mbele ya wageni, hata mikono hajanawa.

"Mnaona punje zilivyochambuka? Mchele wangu wa Kyela huo. Nimemletea mama mwenyewe asubuhi."

Ruqaya akameza kwanza. "Mjomba Talha, humu hakuna hata punje ya mchele."