Mwandiko wa Mwanamkasi

Kwa sheria, vyeti vyote nchini, vya kuzaliwa, vya ndoa na vya vifo, huchapwa kwa mwandiko wangu mimi, Mwanamkasi wa Tanga. Si wa waziri, wangu! Herufi zimeshikana mikono, na mkia wa "y" unajikunja kama hina ya bibi harusi. Nikiingia ofisini, makarani husimama.

Juzi nilimwandikia binti yangu Mashavu barua kwa kalamu, aje tule pilau. Alifika mbio, kanga imemlegea, bahasha hajaifungua.

"Mama, nani amefariki? Bahasha ina mwandiko wa vyeti!"

"Hajafa mtu. Hebu fungua!"

Akaisoma amesimama, kama watu wanavyosoma vyeti. Kisha akaniuliza taratibu, "Hii umeandika wewe, au mashine?"

"Mimi, kwa mkono huu!"

"Mbona mwishoni hukuandika 'samahani kwa mwandiko mbaya'? Barua zako zote za zamani zinaishia hivyo. Ndivyo ninavyojua ni mama."

Nikachukua kalamu niongeze. Nikayatazama yale maandishi, mazuri kuliko yote nchini, na mkono ukakataa kuandika uongo.

Mashavu akairudisha barua kwenye bahasha, kama cheti cha mtu mwingine.