Leo Sichani

Shangazi Mtumwa hununua vitabu vikuukuu kwa kilo, vya kufungia bagia, na kazi ya Raziya, binti wa kaka yake, ni kuvichana. Leo kimoja kilimnasa: maisha ya mwandishi ambaye Raziya hajapata kumsikia, aliyeachishwa shule aolewe, kama yeye atakavyoozwa Ijumaa.

"Chana, we mtoto! Mzee Tindo anasubiri bagia zake."

"Sichani, Shangazi. Huyu bibi wa kitabuni kashika kitasa cha mlango atoroke, na bwana harusi yuko sebuleni."

"Kwani jirani yetu huyo?"

Raziya akamgeukia mzee. "Kinga kofia, babu, nikutilie bagia humo."

"Kofia yangu ya Idi?"

"Basi kula kwa macho."

Mzee akakinga. Shangazi akakidaka kitabu, Raziya hakukiachia. Wakavutana, bagia zikiungua nyuma yao, naye Raziya akainamisha shingo, akaendelea kusoma kwa sauti.