Mchwa Waliolala Ukutani

Ndani ya msuli wako wamo wadogo waliolala, yaani seli za akiba, wanaosubiri kuitwa siku msuli huo utakapochanika. Sikia basi habari za wenzao wa kichuguuni.

Kila upande wa kichuguu hicho ulikuwa na mchwa waliolala ukutani. Wa kaskazini waliamshwa na Bi Kimya: akigonga ukuta kwa kichwa mara tatu, wanaamka, akigonga mara moja, wasiohitajika tena wanarudi kulala.

Kusini alisimamia Mnyapara Pupa. "Bibi, wako wanalala bure," alimcheka. "Mimi wangu nawaamsha wote leo, tujenge mnara."

"Kwani ukuta umebomoka wapi, mjukuu wangu?"

Pupa akaugeukia ukuta. Akagonga mara tatu, na ile mara moja hakuigonga kamwe. Mnara ukapanda, bonde zima likausifu, na wajenzi wakachakaa na kufa hadi wa mwisho.

Alfajiri moja akaja muhanga, mla mchwa, akaubomoa mnara na ukuta wote wa kusini. Pupa akagonga hadi kichwa kikavimba. Hakuamka hata mmoja.

Bi Kimya akagonga mara tatu. Mchwa wake wakatoka na nguvu zao zote, wakaliziba tundu kabla jua halijakausha mayai ya malkia. Kisha akagonga mara moja. Nusu wakabaki kuwa mafundi wa ukuta huo, nusu wakaenda kujilaza.

"Kaeni kwanza msifiwe!" Pupa akawaita.

"Sifa yetu ni huo ukuta," akajibu mmoja, akipiga mwayo. "Tuache tulale. Muhanga hajafa."