Niandike

Mzee Shekue aliomba robo kilo ya sukari, na mfukoni mkono wake ulikuwa umeikamata noti ya kuilipia.

"Ya mkopo," akasema.

Bi Mize, mwenye duka, alimtazama. Mtaa mzima uliona dalali alipopiga mnada ghala lake la unga, na malori, na hata vitanda. Tangu siku ile hakuna duka lililomkopesha hata kiberiti, naye alikuwa amechoka kulipa papo hapo kama mpita njia.

Bi Mize akapima sukari, akaifunga kwenye gazeti, akaisogeza mbele yake. "Chukua tu, baba. Hii nimekupa."

Shekue akairudisha taratibu. Vya kupewa alikuwa amekula miaka miwili sasa, mpaka vimemkaa kooni.

"Sikuomba unipe, mwanangu. Niandike."

"Robo ya sukari nayo niiandike?"

"Iandike. Kesho asubuhi naja, unanifuta."

Bi Mize akalitungua daftari la wakopaji msumarini, akalamba kidole, akafunua mpaka kwenye ukurasa mtupu. Kalamu ikagoma kutoa wino. Akaikwaruza kiganjani, akaipulizia, akajaribu tena.

"Haiandiki, baba. Si uichukue tu sukari yako?"

"Nasubiri," akasema Shekue, akaegemea kaunta kama mtu mwenye siku nzima, huku noti ikizidi kulowa jasho ndani ya ngumi yake.