Jicho la Pili

Mjaribu wa mifumo ya kompyuta alikunja pua alipofungua foleni ya upasuaji wa macho. Katikati ya wagonjwa wa kweli, watu waliosubiri kwa miezi, walikuwa wamejipanga wagonjwa wa uongo: Jaribu, Jaribu Tena, Bin Jaribu.

“Hii nini?” aliuliza, akiigeuza kompyuta.

Fasta, mwandishi wa programu aliyepewa jina hilo kwa kumaliza kazi kabla hajaielewa, alikuwa anatafuna karanga juu ya kibodi. “Aa, hao? Nilikuwa napima kama foleni inapokea watu wapya. Inapokea.”

“Kwenye mfumo wa hospitali? Siyo ule wetu wa mazoezi?”

“Ule wa mazoezi unakwamakwama. Halafu kwangu huku mbona inafanya kazi tu.”

Mjaribu aliyatazama makombo ya karanga yaliyonasa kati ya vibonyezo, akaona ndiyo kazi yao yenyewe ilivyo. Timu nzima ilikuwa hivyo. Kupima lilikuwa jambo la kufanya muda ukibaki, na muda haukubaki hata siku moja. Dirishani kulikuwa na kikombe cha mtu kilichoota ukungu, na kila mmoja aliapa si chake.

Siku nyingine angegomba, akaandika malalamiko, akangoja. Leo hakuweza. Bibi yake alikuwa kwenye benchi la hospitali hiyohiyo, pamoja na mama. Bibi huyo mtaa mzima, hata nyumbani, walimwita Bi Sindano tu, maana nusu ya mtaa ilivaa nguo alizozishona yeye. Jicho lake moja lilishazima. La pili lilikuwa linafifia, na daktari bingwa pekee aliyeweza kuliokoa alikuwa mgeni, anaondoka nchini leo hii. Mbele ya Bibi amekaa nani? Bin Jaribu, kiumbe aliyezaliwa kwa kidole kimoja cha Fasta!

Asubuhi hiyo Bibi alikuwa amempigia simu. “Mjukuu wangu, tundu la sindano silioni tena, nalipapasa. Mwambie huyo daktari wenu asinipite.”

“Hakupiti, Bibi. Mfumo ninao mimi.”

Sasa mjaribu akatafuta kila jina lenye neno “jaribu” ndani yake. Skrini ikajaa. Ili kulinda siri za wagonjwa, foleni ilionyesha jina la kwanza na tarehe ya kuzaliwa tu, na tarehe zenyewe zilikuwa aibu tupu: mosi Januari, mosi Januari, mosi Januari. Yaani hata kubuni siku ya kuzaliwa ni uvivu! Chini kabisa, naye wa mosi Januari, alikuwepo mmoja aitwaye Majaribu.

“Huyu naye umeona umtie kwenye wingi?”

Fasta alicheka, mdomo umejaa. “Huenda. Nani anakumbuka?”

Mtunza data, mama mtu mzima wa meza ya nyuma, akainua kichwa. “Dada, ngoja nami nitazame kwanza. Jicho la pili.”

Alionyesha ukutani. Kanuni ilikuwa pale, kwa mwandiko wa mjaribu mwenyewe, herufi nyekundu: HAKUNA KUGUSA DATA ZA KWELI BILA JICHO LA PILI. Aliipigania vikaoni mpaka sauti ikamkauka.

“Hizi siyo data za kweli, mama,” alisema. “Hizi ni takataka. Na takataka haiitiwi kikao.”

Mfumo ukamuuliza kama ana uhakika: waliofutwa hawarudi, na nafasi zao zitapewa wanaofuata papo hapo. Hilo ndilo alilolitaka. Akabonyeza. Foleni ikaruka kwenda mbele, safi, naye akakunjua uso. Alikiendea kile kikombe cha ukungu, akakishika kwa ncha za vidole, akakitumbukiza pipani.

Mchana simu iliita. Mama.

“Vipi, mmeshatoka?”

“Foleni imekwenda mbio kweli, mwanangu, benchi zima wameingia. Sisi tu ndio nesi anasema hatumo. Daktari anafunga mkoba.”

“Hammo vipi? Umemwambia ni Bi Sindano?”

“Sindano si jina la mtaani hilo? Nimempa la kwenye kitambulisho, na ile mosi Januari waliyomkadiria,” alisema mama. “Majaribu.”