Taulo Chini ya Mlango

Taulo la kwanza alilisokomeza chini ya mlango wa mbele. La pili akazibia tundu la dirisha la jikoni, pale kioo kilipovunjika. Kisha akarudi nyuma, mikono kiunoni, akaikagua kazi yake.

"Haya, nuseni sasa," alisema.

Barua ilikuwa imeletwa wiki iliyopita, imetiwa saini na wapangaji wote wa jengo. Akipika tena "hivyo vitu vyake", mwenye nyumba ataombwa amtoe. Aliyeiandika ni Mwalimu, yule mstaafu wa ghorofa ya juu, mwenye fimbo na maneno mengi. Tangu siku hiyo hakuna aliyemsalimia. Akipita kwenye ngazi, watu walijifunika pua kwa makusudi, hata kama hajabeba kitu.

Basi sawa, harufu haitatoka. Lakini kupika lazima apike leo.

Jumamosi na Jumapili, kuanzia saa tatu hadi saa nane mchana, alikuwa mwonjeshaji katika duka kubwa la mjini. Meza ndogo, aproni ya kijani, trei ya vipande vya soseji au jibini, kila kimoja kimechomwa kijiti cha meno. Wateja walimbatiza Mama Vijiti. Ilikuwa kazi ya siku mbili tu kwa wiki, na aliipenda kupita kiasi. Kipaji chake kilikuwa kwenye macho. Nyusi za mteja zikipanda, alijua limau limezidi. Mashavu yakilegea, alijua huyo ananunua. Msimamizi alisema hajawahi kuona mtu anayesoma nyuso namna ile.

"Mbona wewe mwenyewe huonji?" alimuuliza siku moja.

"Nikianza mimi, bosi, wateja watabaki na vijiti vitupu!"

Wakacheka wote wawili, yeye kwa sauti zaidi.

Nyumbani ndiko alikovumbua. Leo ndizi mbivu na haradali, kesho nanasi lililolala siku tatu kwenye siki. Mumewe, dereva wa lori, alikaa kwenye kigoda akaonja, huku mkewe amemkodolea macho. "Ongeza chumvi, mke wangu. Hicho kitunguu kinaungua. Na hayo maziwa, mwaga." Bila mume wangu, alikuwa akisema, nisingethubutu kuchemsha hata chai. Watu wakasema ni mahaba.

Sasa mumewe alikuwa safarini hadi Jumatano. Na kesho, mezani kwake dukani, meneja wa kampuni anakuja kuonja sosi aliyoibuni yeye mwenyewe. Ikimpendeza, itatiwa kwenye chupa na Mama Vijiti ataajiriwa moja kwa moja. Isipompendeza, aproni ya kijani atapewa mtu mwingine. Msimamizi alimwambia hivyo bila kuzunguka.

Vipimo alikuwa navyo, kijiko kwa kijiko, kama mumewe alivyoipitisha. Hata mahali pa kupikia alishapanga. Alfajiri, kabla ya kwenda kazini, aliliburuta jiko la gesi hadi pembe iliyo mbali kabisa na mlango, mtungi akauacha palepale, mpira wa gesi ukanyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Taabu yote hiyo kwa ajili ya pua ya Mwalimu! Na mchana huu alirudi kwa mlango wa nyuma wa jengo, ili asionane na yeyote.

Alikuwa akimenya kitunguu cha mwisho, kichwa kizito kidogo kwa uchovu wa kusimama, fimbo ilipogonga mlango.

"Mama Vijiti! Umo ndani? Fungua!"

Kisu kikasimama. Wameniona nikiingia, aliwaza.

"Nasema fungua! Toka humo sasa hivi!"

Nyuma ya Mwalimu kulikuwa na sauti nyingine, za wanaume, zikisemeana kwa haraka. Mmoja akapiga bega kwenye mlango. Barua ilimuudhi tu, lakini hili lilimtisha. Alilisukuma kabati la vyombo hadi likauziba mlango wote, vikombe vikigongana humo ndani.

"Sitoki ng'o!" alipiga kelele. "Nendeni mkalale!"

Wakaanza kupaza sauti wote kwa pamoja. Hakutaka kusikia hata neno moja. Alirudi jikoni akiimba kwa nguvu zote, wimbo ule ule anaouimba akipanga vijiti kwenye trei, mpaka makelele ya mlangoni yakawa vishindo tu. Vitunguu akavimaliza. Akapanga vijiko. Akamwaga mafuta kwenye sufuria.

Alipoinua macho, aliuona ua kupitia dirishani. Watu wa jengo zima walikuwa chini kule. Mama wa chumba namba mbili amembeba mtoto mgongoni na mwingine mkononi. Yule fundi cherehani ametoka pekupeku. Wote wamejiziba pua kwa kanga na mashati, wote wanalitazama dirisha lake, wanapunga mikono kama watu waliopandwa na wazimu.

Machozi yakamlengalenga, akaona bora acheke.

"Jamani, majirani gani hawa!" alisema. "Hata sijaanza kupika!"

Akawafungia pazia. Nyuma yake ubao wa mlango ulipasuka na kabati likasogea. Ilibidi afanye haraka. Tangu ile homa ya mwaka juzi hakuna harufu iliyowahi kumfikia tena, wala ladha, na mumewe pekee ndiye aliyeijua siri hiyo. Akachomoa njiti ya kiberiti, akaikwangua.